Ubao, Mlo na Baraza: Historia ya Neno "Board" katika Kiingereza

Katika Kiingereza cha leo neno "board" hutaja ubao wa seremala, chakula anacholipia mpangaji pamoja na chumba, na pia baraza linalosimamia kampuni au taasisi ya umma. Maana hizo, ambazo kwa juu juu hazina uhusiano, zote zimetokana na kazi zilizofanywa na mbao katika maisha ya Waingereza wa zamani. Katika Kiingereza cha Kale, yaani lugha iliyosemwa kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, neno "bord" lilimaanisha ubao, ngao, meza na ubavu wa chombo cha majini. Mabaharia waliuita ubavu wa kulia "steorbord", yaani ubavu wa usukani, kwa kuwa kasia la kuongozea chombo lilifungwa upande huo. Ubavu wa kushoto uliitwa baadaye "larboard", jina lililokaribiana mno kimatamshi na lile la kulia, hata mwaka 1844 Jeshi la Majini la Uingereza likaamuru litumike neno "port" badala yake.

Nchi kavu, meza ya ukumbini haikuwa samani ya kudumu, bali mbao ndefu zilizolazwa juu ya viegemeo vyenye miguu, zikafunikwa kitambaa, kisha zikaondolewa baada ya mlo ili ukumbi utumike kwa shughuli nyingine. Kwa kuwa chakula kiliandaliwa juu yake, ubao ukawa jina la mlo wenyewe, na kutokana na maana hiyo zikaitwa shule zinazowalisha na kuwalaza wanafunzi, ambazo Waswahili huziita shule za bweni au bodingi.

Meza hiyohiyo ilikaliwa na washauri, na kufikia karne ya 16 jina lake lilikuwa limehamia kwa walioizunguka. Mwaka 1696 Mfalme William wa Tatu aliunda bodi ya kushughulikia biashara na makoloni, na sheria ya elimu ya mwaka 1870 ikaanzisha bodi za shule zilizochaguliwa na wananchi. Utawala wa Kiingereza uliufikisha muundo huo Afrika Mashariki, ambako bodi ziliundwa kusimamia mazao kama kahawa. Kwa hiyo Kiswahili, ambacho tayari kilikuwa na neno lake la ubao na kilikwisha kupokea "meza" kutoka Kireno, kilichukua kwa Waingereza zaidi jina la baraza na la shule, kwa sababu hizo ndizo taasisi walizokuja nazo.