Safaera: Kijana Aliyeazima kwa Wakongwe

"Safaera" ilipotoka Februari 29, 2020, ndani ya albamu ya Bad Bunny iitwayo YHLQMDLG, ilikuwa rahisi kuiona kama hisani: nyota wa miaka 25 amewapa lifti wakongwe wa reggaeton ya Puerto Rico, Jowell & Randy na Ñengo Flow. Mimi naona aliyeazima ni kijana. Majina ya wakongwe hao yalikuwa sehemu ndogo tu ya alichoazima; kikubwa kilikuwa namna yao ya kuupanga muziki wa usiku wa manane. Wimbo unakaribia dakika 5, mdundo unageuka mara kwa mara bila kuaga, na kila ukidhani umeshauzoea, umekwishaondoka. Wimbo unaolenga redio hautengenezwi hivyo. Kaseti za DJ Playero, na zile za The Noise zilizotokana na klabu ya DJ Negro jijini San Juan, ndizo zilizotengenezwa hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1990: midundo ya dancehall ya Jamaika inakwenda mfululizo, wachanaji wanapokezana maiki, kila mmoja anatupa mistari yake na kumpisha mwenzake. Daddy Yankee alianzia humo. Mchana muziki huo haukuwa na pa kukaa. Mwaka 1995 polisi walivamia maduka ya San Juan wakazoa kaseti kwa madai ya uchafu wa maneno. Ukabaki kwenye klabu na sherehe za majumbani, mahali ambapo dijei hathubutu kukata muziki watu wangali wanacheza.

Wapo watakaosema hii ni biashara ya kuuza kumbukumbu. Biashara ipo, nani atakataa? Ila kama kilichotafutwa kilikuwa jina kubwa la zamani, Daddy Yankee yumo katika albamu hiyohiyo, na amewekwa kwenye wimbo mwingine. Huku waliitwa Jowell & Randy, ambao albamu yao ya kwanza, Los Más Sueltos, ilitoka mwaka 2007, Bad Bunny akiwa mvulana wa miaka 13. Hata Tainy, mmoja wa watayarishaji wa wimbo, aliingia studio na watayarishaji wa reggaeton Luny Tunes akiwa bado kijana mdogo.

Pingamizi zito zaidi ni la haki. Mei 2020 wimbo uliondolewa Spotify kwa siku chache kwa sababu ya mvutano wa hakimiliki. Ndani yake mna kipande cha "Get Ur Freak On" ya Missy Elliott. Mwaka 2021 ikafunguliwa kesi Marekani, madai yakiwa kwamba vipande vya kazi za DJ Playero vilitumika bila kibali. Lawama hiyo ina uzito, maana ukataji na uungaji wa enzi za kaseti haukuwa na desturi ya kuomba ruhusa, na leo kuna pesa nyingi mezani. Lakini madai yenyewe yanaturudisha kwa Playero. Na kolabo haikuishia hapo: Desemba 2022 ilitoka "Gato de Noche", safari hii jina la Ñengo Flow likitangulia la Bad Bunny.