Roho Zisizopaswa Kurudi

Machi 16, 1244, watu zaidi ya 200 waliteremshwa kutoka ngome ya Montségur, kusini mwa Ufaransa. Chini ya mlima walikuwa wamezungushiwa ua wa miti uliojazwa kuni. Ngome ilizingirwa tangu Mei ya mwaka uliotangulia, na ilipojisalimisha, askari na wenyeji waliachwa waende zao. Waliochomwa ni wale tu waliokataa kuikana imani yao. Miongoni mwao alikuwamo Corba, mke wa bwana wa ngome, pamoja na mama yake Marquesia na binti yake Esclarmonde. Corba alijiunga na kundi hilo siku chache tu kabla, moto ukiwa umeshaonekana wazi mbele yake.

Historia inawaita Wakathari. Waliamini kuwa mwili ni gereza la roho, na kwamba roho ikitoka katika maiti huingia upesi katika tumbo lingine, la mwanamke au la mnyama. Zaidi ya miaka 70 baadaye, Jacques Fournier, askofu wa Pamiers, alipowahoji wanakijiji wa milimani, aliandikiwa kisa walichokuwa wakisimuliana. Mtu Mwema mmoja, ndivyo walivyowaita viongozi wao wa dini, alikuwa akipita njiani na mwenzake. Akasimama. Akakumbuka kwamba zamani alikuwa farasi, na hapo hapo, kwato ikiwa imenasa kati ya mawe, kiatu chake kilichomoka. Wakatafuta, wakakikuta.

Mwaka 1970 Arthur Guirdham, daktari wa magonjwa ya akili wa mji wa Bath, Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu mgonjwa wake. Mwanamke huyo aliteswa na ndoto za kuchomwa moto, na daktari alisadiki kuwa aliwahi kuishi kati ya Wakathari. Alishikilia hasa jambo moja: mgonjwa alisema Watu Wema walivaa bluu iliyokoza, wakati ilidhaniwa walivaa nyeusi. Lakini sisi wasomaji yote haya tunayapata kwa kalamu ya daktari mwenyewe, na mgonjwa amefichwa nyuma ya jina la bandia. Mimi huo si ushahidi wa kunitosha, ingawa sina shaka na mateso ya mwanamke yule.

Tena kuna jambo linaloniuma zaidi. Kwa imani ya Wakathari, aliyepokea Faraja, yaani ule ubatizo wao wa kuwekewa mikono, akafa akiwa mwaminifu, roho yake ilifunguliwa. Hairudi tena. Corba alikwenda motoni kwa tumaini hilo hasa.

Aliyebaki kukumbuka ni mumewe, Raymond de Péreille. Majuma machache baadaye alisimamishwa mbele ya mahakimu wa Kanisa, akaulizwa ni nani waliochomwa. Akamtaja mkwewe. Akamtaja mkewe. Akamtaja binti yake. Karani akaandika.