Matairi ya majira ya joto kwenye barabara ya baridi: mambo ambayo msafirishaji anapaswa kuyajua

Msafirishaji anayepeleka lori kusini mwa Afrika kati ya Juni na Septemba anakabiliwa na hatari ambayo ni nadra kukutana nayo kati ya Mombasa na Kampala au Dar es Salaam na Lubumbashi: barabara yenye theluji au barafu. Mwezi Septemba 2024, theluji nzito ilifunga barabara kuu ya N3 inayounganisha Durban na Johannesburg, katika eneo la mlima la Van Reenen. Magari mengi yalikwama na baadhi ya watu walilala ndani ya magari yao. Njia hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mizigo inayotoka bandari ya Durban kwenda Zimbabwe, Zambia na Kongo.

Kwa nini tairi linateleza

Mpira wa tairi la majira ya joto umechanganywa ili uhimili lami ya moto bila kulika haraka. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, kiwango kinachotumiwa na watengenezaji wengi kama mwongozo, mpira huo huanza kukakamaa na kupoteza mshiko, hata kama barabara ni kavu. Tairi la baridi lina mchanganyiko laini zaidi, na kashata zake zimechanjwa mikato mingi midogo inayong'ata theluji.

Hasara yake huonekana kwenye breki. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Mshiko ukipungua kwa nusu, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huwa mara mbili. Kwenye barafu mshiko hupungua zaidi ya hapo, na lori lenye tela linaweza kujikunja katikati.

Aidha, baridi hupunguza upepo. Kila joto linaposhuka nyuzi 6, tairi la gari dogo lenye psi 32 hupoteza takriban psi 1, na tairi la lori lenye psi 110 hupoteza psi 2 na nusu hivi. Lori lililojazwa upepo mchana likiwa bondeni kwenye joto la nyuzi 30, likifika mlimani usiku kwenye nyuzi sifuri, litakuwa limepungukiwa zaidi ya psi 10 bila kuwa na pancha.

Sheria za Ulaya

Nchini Ujerumani, gari haliruhusiwi kutembea bila matairi ya baridi pale barabara inapokuwa na theluji, barafu au umande ulioganda. Dereva anayekiuka hutozwa euro 60, au euro 80 akizuia wengine, na mmiliki wa gari aliyeruhusu safari hiyo hutozwa euro 75. Kwa malori yanayozidi tani 3.5, sharti hilo linahusu ekseli za kuvuta na za usukani za mbele. Austria inataka malori ya uzito huo yawe na matairi ya baridi kwenye ekseli ya kuvuta kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 15, na yabebe minyororo ya magurudumu.

Alama pia zimebadilika. Herufi M+S, yaani matope na theluji, huwekwa na mtengenezaji mwenyewe bila kulazimika kufanya jaribio. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake hutolewa baada ya tairi kupimwa kwenye theluji. Tangu Oktoba 1, 2024, Ujerumani haitambui tena M+S peke yake kuwa ni tairi la baridi.

Mnunuzi wa mtumba

Hapa ndipo suala hili linapowagusa hata wafanyabiashara wasiovuka mpaka kwenda kusini. Matairi ya mtumba na magari yaliyotumika yanayotoka Ulaya na Japani huja mara nyingine na matairi ya baridi. Kashata zake nene humvutia mnunuzi, lakini kwenye lami yenye joto kali mpira huo laini hulika haraka, hupata moto, na gari huchelewa kusimama. Bei nafuu ya leo huwa gharama ya kununua tena baada ya muda mfupi, au ajali.

Kabla ya kununua, tazama ubavuni mwa tairi. Ukiona alama ya mlima na theluji pamoja na kashata zilizojaa mikato midogo, tambua kuwa huenda halikufai kwa barabara za joto. Angalia pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2219 maana yake ni wiki ya 22 ya mwaka 2019.

Kabla ya safari ya kusini

Fuatilia utabiri wa hali ya hewa wa Afrika Kusini, hasa kwa Free State, KwaZulu-Natal na mpaka wa Lesotho. Pima upepo alfajiri kabla matairi hayajapata moto. Usipandishe mlima ukiwa na tairi lenye kipara, hasa kwenye ekseli ya kuvuta. Madaraja huganda kabla ya sehemu nyingine za barabara, hivyo punguza mwendo mapema, tumia gia ndogo na usikanyage breki kwa ghafla. Dereva na utingo wawe na mablanketi, maji, chakula na mafuta ya kutosha.

Theluji ikitangazwa, mwenye gari amruhusu dereva asubiri chini ya mlima. Siku moja ya kuegesha ina gharama inayojulikana. Lori lililopinduka na shehena yake lina gharama ambayo biashara nyingi ndogo haziwezi kuibeba.