Kolaji Zetu za Maganda ya Migomba

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, tunapokutana tena hapa Masama yafaa tulikumbuke somo moja tulilolidharau.

Mwaka 1982, tulipokuwa Kidato cha Tatu, rangi za maji ziliadimika. Nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni baada ya Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta. Hata sabuni tulipangia foleni. Mwalimu wetu wa sanaa alituagiza tuingie vihambani, turudi na vitu visivyonunuliwa. Tulileta maganda makavu ya migomba, magunia yaliyochakaa, vipande vya khanga na magazeti ya zamani. Tulikata kwa wembe, tukabandika juu ya maboksi kwa gundi ya unga wa muhogo. Wengi tulinung'unika kwamba hiyo ni kazi ya watoto wadogo.

Kumbe tulikuwa katika njia iliyokwisha kupitwa na mabingwa. Mwaka 1912, Pablo Picasso alibandika kwenye picha yake kitambaa kilichochapwa mfano wa kiti cha kusukwa, akaizungushia kamba badala ya fremu. Mwaka huohuo Georges Braque alibandika karatasi za kupambia kuta. Picha za namna hiyo ndizo ziitwazo kolaji. Nako Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, Edward Saidi Tingatinga hakungoja turubai: alichora juu ya mbao za kiwandani kwa rangi za kupakia nyumba. Yeye hakubandika kitu, lakini alitufundisha kwamba sanaa huanza na kilichopo.

Tumtazame pia jirani yetu, Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923. Alisoma Makerere kwa Margaret Trowell, na baada ya Uhuru wa 1961 akawa Balozi wetu London. Alichora maisha ya vihambani kwa rangi za mafuta. Picha yake ya 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi arusi mbege usiku, imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa mjini New York.

Ntiro aliuchora mgomba. Sisi tuliubandika mgomba wenyewe. Ganda la nje, lililopigwa jua na mvua, lilitupa weusi wa paa. La ndani lilitupa manjano ya mahindi yaliyoanikwa. Hapakuhitajika kuchanganya rangi.

Lakini picha yake ipo, zetu hazipo. Gundi ya unga huvuta wadudu, na unyevu wa mlimani huleta ukungu. Hata hivyo, yangu haikuliwa na wadudu. Nilipomaliza shule niliichana mwenyewe, nikawashia moto jikoni. Ndani yake mlikuwa na kipande cha khanga ya mama yangu, ambaye sasa ni marehemu. Rangi ya dukani ningeweza kuinunua tena; kipande kile sitakipata.

Basi, ndugu zangu, ambaye kazi yake imesalia na ailete siku ya mkutano, hata kama imebanduka. Tutaipiga picha, na nyuma yake tutaandika mwaka, vifaa vilivyotumika na kihamba vilikotoka. Hiyo nayo ni historia ya Masama.