Pijo Chini ya Mwembe

Gari lenyewe ni Peugeot 504, pikapu nyeupe, limeegeshwa chini ya mwembe huko Asembo tangu mwenyewe afariki. Mjane wake anataka shilingi 150,000. “Ni kasoro ndogo ndogo tu, nyathina,” aliniambia akinimiminia chai. Breki za nyuma zimeshika, radieta inavuja, kabureta inataka kusafishwa, na kutu imekula sakafu upande wa dereva.

Mamangu anauza omena soko la Kibuye, Kisumu. Kila akitoa magunia ufuoni analipia Probox ya watu, na siku bei ikiwa mbaya nauli inakula faida yote. Mimi nina akiba ya miaka miwili ya kuandikia watu makala, tangu niache chuo. Pesa hiyo haifiki Probox. Kwa Pijo, kama tunavyoliita huku, inafika, mradi kasoro ziwe ndogo kweli. Lakini nani anapima udogo wa kasoro? Nilipoanza kuuliza nikajikuta kwenye historia.

504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968. Huku jina la Peugeot lilikuwa tayari linajulikana, kwa sababu ndugu yake mkubwa, 404, alikuwa ameshinda mbio za Safari mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Kisha 504 ikashinda 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena 1978 chini ya Jean-Pierre Nicolas. Ile ya 1978 ilikuwa kupe yenye injini ya V6, si kama ya mwalimu mkuu yeyote. Lakini nani aliyejali? Watu walijua jina, na walijua matope ya Kenya.

Sifa zake hazikuwa za mbio peke yake. Lilisimama juu kutoka ardhini na spring zake zilimeza mashimo. Injini ilikuwa na laina za silinda zinazochomolewa, kwa hiyo ikichoka fundi aliweka laina na pistoni mpya, bila kulazimika kutafuta mashine ya kuchonga bloku. Kazi hiyo ilifanywa chini ya mti kama huu wa Asembo. Magari hayo yaliunganishwa Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, na spea zake zilipatikana. Kwa hiyo walimu wakuu, maofisa wa kilimo na wakubwa wa vyama vya ushirika waliyapenda. Ile ndefu ya viti vya safu tatu ikawa matatu ya safari ndefu, Kisumu hadi Nairobi, na mara nyingi ilirudi na jeneza juu ya paa, maana mtu wa huku hazikwi mjini kama nyumbani kupo.

Enzi hizo, basi, injini iliyochoka ilikuwa kasoro ndogo. Si kwamba chuma chake hakikuharibika. Kilichoifanya iwe ndogo ni kwamba kila kituo kilikuwa na makanika aliyeizoea na duka lenye spea zake.

Miaka ya 1990 mambo yakageuka. Serikali ililegeza masharti ya fedha za kigeni na ya kuagiza bidhaa, na magari mitumba yakaanza kumiminika kutoka Japani, mengine yakipitia Dubai. Baadaye ikawekwa kanuni kwamba gari linaloingizwa lisizidi umri wa miaka 8. Toyota ikawa gari la kila mtu. Makanika kijana akajifunza Toyota, muuza spea akajaza rafu zake Toyota, na Pijo likabaki kwa wazee waliokuwa nalo. Kuunganishwa kwa 504 Mombasa kukakoma mapema miaka ya 2000. Gari halikubadilika, ila mikono iliyolizunguka ilipungua.

Nilimchukua fundi mmoja wa Kibuye twende naye Asembo. Ni mzee, na watu humwita jaduong' hata wanaomzidi umri. Alilala chini ya gari muda mrefu bila kusema neno, akipapasa tu.

“Hii gari ni nzima,” akasema alipotoka. “Chasi iko sawa. Breki nitafungua, radieta nitachomelea. Kabureta ni kazi ya asubuhi moja.”

“Na spea, jaduong'?”

“Zingine nitazitoa kwa maiti.” Alimaanisha Pijo zilizokufa, zinazooza nyuma ya gereji.

“Na wewe ukistaafu?”

Alicheka. “Hapo sasa utajifunza.”

Njiani kurudi niliwaza MV Uhuru, meli iliyojengwa Uskoti miaka ya 1960 kubeba mabehewa ya treni ziwani. Ilikaa bandarini Kisumu zaidi ya miaka 10 bila kazi. Mwisho wa 2019 ikarudi majini, ikabeba mabehewa ya mafuta hadi Port Bell, Uganda. Kwa hiyo ukale peke yake si ugonjwa. Meli ile ilihitaji mtu wa kuitengeneza na mzigo wa kubeba. Mzigo mamangu anao, na fundi nimempata.

Nikarudi kwa mama na pesa mfukoni. Akaleta logbuku ndani ya bahasha ya kaki, safi, haina hata kunjo. Jina lililoandikwa ni la marehemu.

Hapo ndipo ilipokuwa kasoro kubwa. NTSA haiwezi kulihamisha gari kwa jina langu mpaka mahakama itoe hati ya kusimamia mirathi. Hiyo inataka barua ya chifu inayotaja warithi wote, tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na ridhaa ya watoto. Watoto wapo watano, na mmoja hashiki simu. Kizazi kilichonunua Pijo kinaondoka, na nadhani si boma hili tu lenye gari ambalo kwenye karatasi bado ni la aliyezikwa hatua chache kutoka hapo.

Ningeweza kununua hivyo hivyo. Wengi hufanya, wakaendesha kwa jina la marehemu mpaka siku ya ajali au ya ugomvi wa ndugu. Mamangu alikataa hata kabla sijamaliza kueleza. “Gari la watoto wa watu,” alisema, akaendelea kupepeta omena.

Kwa hiyo sijanunua, na sijaacha. Nimekubaliana na mama wa Asembo kwamba hatamuuzia mwingine mpaka Desemba, na mimi nitamsaidia na karatasi. Jumatatu niliketi chini ya mwembe, mgongo kwenye mlango wa Pijo, nikamwandikia barua ya kwanza kwa chifu. Majina ya watoto alinitajia kwa mpangilio wa kuzaliwa. Kwa yule asiyeshika simu alinyamaza kidogo, kisha akasema niandike naye.