Koti jepesi na baridi ya Butembo: linatosha wakati gani?

Mtu anatoka Beni na shati moja, jua linawaka. Anafika Butembo jioni akitetemeka. Ni safari ya kilomita 50 na kitu tu, lakini barabara inapanda: Beni iko kwenye metre 1.100 hivi, Butembo inapita metre 1.700. Kila metre 100 za kupanda, hewa inapoteza zaidi ya nusu digrii.

Hapa kwetu, karibu na ikweta, hakuna majira ya baridi kama ya Ulaya. Baridi yetu ni ya mlima, na inauma zaidi usiku na asubuhi mapema. Juni na Julai, wakati wa kiangazi, usiku mbingu ikiwa bila mawingu, joto la mchana linapotea mbio. Huko kusini, kwenye vilima vya Lubero vinavyopita metre 2.000, ni zaidi tena.

Je, koti jepesi linaweza kutosha? Ndiyo, lakini kwa masharti.

Koti halitoi joto. Mwili ndio unatoa joto. Nguo inalizuia lisitoke, kwa kushika hewa kati ya kitambaa na ngozi. Juu ya hiyo, triko ndani na koti jepesi la nailoni inje vinaweza kushinda koti moja zito. Shingo na mikono lazima vifungwe.

Adui wa kwanza ni upepo. Motari anayekimbia kilomita 40 kwa saa anajitengenezea upepo wake mwenyewe, hata kama miti imetulia. Ndiyo sababu wengi wanavaa koti kinyume, zipu mgongoni, ili kifua kisipigwe. Vidole vikifa ganzi, haviwezi kushika breki vizuri: baridi inaleta aksidenti. Mama mwenye mtoto mgongoni afunike miguu na kichwa cha mtoto, lakini aache pua wazi.

Adui wa pili ni maji. Maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Triko ya pamba iliyolowa haina kazi tena. Mvua ikikukuta Kabasha ao Maboya, afadhali kusimama, kuvua iliyolowa na kuvaa kavu, kuliko kukaza mwendo.

Wanaoumia zaidi ni wale waliokimbia. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika eneo la Beni yamehamisha familia nyingi, na wengine wamepanda mpaka Butembo na Lubero na nguo za kule chini kwenye joto. Anayetaka kuwasaidia akumbuke: triko mbili ndogo kwa watoto wawili ni bora kuliko koti moja kubwa la kugombania. Na wazee pia wahesabiwe, sababu mwili wao, kama wa mtoto mchanga, unapoteza joto upesi.

Mtu aliyeshikwa na baridi anatetemeka, maneno yanakuwa mazito, mikono haishiki. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, na akili inaanza kupotea, hiyo ni hatari: apelekwe kituo cha afya mbio. Kwanza mvue nguo zilizolowa, mfunike, mpe chai ya moto yenye sukari kama anaweza kumeza. Pombe hapana: inadanganya ngozi kwamba kuna joto, wakati mwili unazidi kupoa.

Neno la mwisho. Ukiona mtu amejifunika koti mchana, jua linawaka, na bado anatetemeka, usimwongezee koti lingine. Hiyo inaweza kuwa malaria ao ugonjwa mwingine wenye homa. Malaria hailetwi na baridi, inaletwa na mbu. Koti halitamponya, apelekwe kupimwa damu siku hiyohiyo.