Vioja Mahakamani: Kiswahili Kitini, Lafudhi Kizimbani

Kioja ni jambo la ajabu, linalomfanya mtu acheke kabla hajajua kama linachekesha. Mahakama ni mahali ambapo kicheko hukatazwa. Aliyeyakutanisha maneno haya mawili katika jina la mchezo wa televisheni alikuwa na sikio la mshairi.

Vioja Mahakamani ni zao la miaka ya 1970, enzi ya Sauti ya Kenya, shirika ambalo tangu 1989 limerudia jina la KBC. Muundo wake ni mwepesi: mshtakiwa hupanda kizimbani, husomewa shtaka, kiongozi wa mashtaka humbana kwa maswali, mashahidi huvurugana, na hakimu hukata shauri. Makosa huwa ya mtaani, na wahusika ni watu tunaowafahamu.

Sisi wa Tanzania Bara hatukuwa na televisheni hadi 1994. Kicheko chetu juu ya ujanja na utapeli kilitoka redioni, katika Pwagu na Pwaguzi ya Redio Tanzania, ambayo jina lake lilichotwa kwenye methali isemayo kuwa pwagu hupata pwaguzi. Leo, kwa njia ya intaneti, mkazi wa Moshi anaweza kuvitazama vioja vya ng'ambo ya Holili na Taveta wakati wowote apendao.

Mvuto wa mchezo huu hauko katika vichekesho peke yake. Mwaka 1974 Rais Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike bungeni. Mahakama hazikufuata mkondo huo: lugha ya Mahakama Kuu ya Kenya iliendelea kuwa Kiingereza. Kwetu pia, ingawa mahakama ya mwanzo iliendeshwa kwa Kiswahili, mashauri ya ngazi za juu yaliandikwa na kuamuliwa kwa Kiingereza, hadi Bunge liliporekebisha sheria mwaka 2021. Kwa miongo kadhaa, basi, mahakama ya kuchekesha iliitangulia mahakama ya kweli. Ndani yake hakimu aliamua kwa Kiswahili, na mshtakiwa alizielewa hoja zote zilizoelekezwa kwake. Watazamaji walijifunza maneno kama dhamana, shahidi, ushahidi na rufaa bila kufungua kitabu. Hiyo si huduma ndogo kwa lugha.

Kasoro yake imo humo humo. Kiswahili kilipoketishwa kwenye kiti cha hakimu, lafudhi iliwekwa kizimbani. Hakimu na kiongozi wa mashtaka husema Kiswahili kilichonyooka, ilhali mshtakiwa hubeba matamshi ya Kijaluo, Kiluhya au Kikamba, na kicheko humfuata kabla hajajitetea. Mtazamaji huzoeshwa, pasipo kuambiwa, kwamba ulimi mzito ni dalili ya akili nzito au ya hatia.

Mtetezi wa mchezo atasema kwamba huo ni usanii, na ana hoja. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alipendwa nchi nzima kama Mzee Ojwang katika Vitimbi, akiigiza lafudhi ya Kijaluo ilhali yeye alikuwa Mkikuyu. Palikuwa na upendo katika uigizaji ule. Lakini mwigizaji huivua lafudhi pamoja na vazi lake jukwaani, naye mzungumzaji hawezi.

Huku mlimani jambo hili tunalijua. Kile kiitwacho Kichaga ni lugha kadhaa: ya Machame si ya Vunjo, na ya Vunjo si ya Rombo. Bibi wa Kibosho anayesimama mbele ya hakimu kudai mpaka wa kihamba chake huleta Kiswahili chenye mdundo wa lugha aliyonyonya nayo. Wakicheka waliokaa nyuma, atafupisha maelezo, na huenda sentensi anayoimeza ndiyo iliyobeba haki yake. Darasani ni vivyo hivyo: mwanafunzi aliyechekwa mara moja kwa matamshi huinyamazia lugha kwa muda mrefu.

Shakespeare naye alimchekesha mtazamaji kwa askari Dogberry, anayeyavuruga maneno makubwa kila anapofungua kinywa. Hata hivyo ni walinzi wa Dogberry, si mabwana wenye ufasaha, wanaoinasa njama na kuwakamata wahalifu. Ulimi uliopinda ulibeba ukweli. Hapo ndipo Vioja Mahakamani mara nyingi huishia njiani: mshtakiwa huchekesha, huhukumiwa, naye mlalamikaji aliyeibiwa husahaulika.

Enyi washairi, tuna deni hapa. Tumeimba sana juu ya lugha sanifu, na ni vyema. Tutunge basi pia shauri ambalo mwenye lafudhi anamshinda hakimu kwa hoja, na kicheko kimwelemee yule aliyedhani kwamba ufasaha na haki ni kitu kimoja.